Dakika ya Ukimya Niliyoiomba Mbale

Hadi leo nikikutana na mtu wa Mbale anayependa jazi, huwa namtazama kwanza usoni kuona kama anajizuia kucheka, na mara nyingi huwa anajizuia kweli. Nimeamua kuusimulia mkasa huu mwenyewe, kwa sababu masimulizi yanayozunguka mjini yametiwa chumvi mno (eti nilipiga magoti mbele ya mashine, sikupiga magoti, niliinama tu), na kwa kuwa aibu ni yangu, naona nina haki ya kuieleza ilivyokuwa.

Vita vilikuwa vimekwisha kwetu Jinja, ingawa upande wa Teso bunduki zilikuwa bado hazijanyamaza, nami nilikuwa mwalimu kijana niliyetoka chuoni juzijuzi, mwenye suruali mbili na imani moja kubwa kwamba nchi iliyoumia itaponywa na elimu, ukweli na muziki mzuri. (Suruali zimekwisha, imani bado ninayo.) Wapenzi wa jazi tulikuwa tukikutana sebuleni kwa Bwana Isabirye, mwenyekiti wetu, na desturi yetu ilikuwa kwamba kila mmoja asimame aeleze albamu aliyokuwa akiisikiliza tangu tulipoachana: nani anapiga nini, wimbo upi umemkosesha usingizi, na kwa nini. Santuri nyingi zilikuwa zimeporwa au kuvunjwa wakati wa vita, kwa hiyo mara nyingi albamu yenyewe haikuwepo, tulikuwa na maneno tu, lakini tuliyasikiliza maneno hayo kama watu wanaosomewa matokeo ya mtihani.

Basi siku moja nikapata sokoni kanda isiyo na jalada wala jina. Nyumba yangu ya Masese haikuwa na umeme, redio kaseti yangu ilitumia betri, betri mpya zilikuwa adimu kama sukari, nami nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, wa kuzianika zile za zamani juu ya mabati. Jua likazipa nguvu kidogo, nguvu za mgonjwa anayeinuka kitandani kunywa uji, kanda ikaanza kuzunguka, na jamani, nilichokisikia! Saksafoni ilikuwa nzito, ya chini, ikiburuta kila sauti kama watu wanaotoa jeneza kwenye tope, na ngoma nyuma yake zikipiga hatua, zikisimama, zikipiga hatua nyingine. Nililia (hiyo si sehemu ya aibu, bado hatujafika). Nikajiambia kwamba kuna mwanadamu mahali fulani, ng'ambo ya bahari, aliyetupigia maombolezo yetu bila kutujua.

Kwenye mkutano uliofuata nilieleza hayo yote, na zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejifunza chuoni namna ya kujenga hoja. Hata Bwana Isabirye akavua miwani. Akasema mimi ndiye nitakayeiwakilisha Jinja kwenye mkutano wa kwanza na wenzetu wa Mbale tangu vita, kisha, kwa upole wake, akashauri tuijaribu kwanza ile kanda kwa rafiki yake wa Kimaka mwenye umeme. Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Mzee, kilio hakifanyiwi majaribio."

Mkutano wenyewe haukuwa wa mchezo. Mbale alikuwako Hajati Zaituni, mjane wa Juma mpiga tarumbeta, ambaye mji mzima ulimjua, na ambaye wakati wa vita alichukuliwa nyumbani kwake mchana kweupe asirudi tena. Alimwachia mkewe sanduku la santuri za jazi, nyingi kuliko zetu zote tukiziweka pamoja, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kuruhusiwa kulifungua. Sasa Hajati alikuwa anahamia Bombo kwa dada yake. Alikuwa amemwambia Bwana Mafabi, mwenyekiti wa Mbale, kwamba atakuja kwanza atutazame sisi ni watu wa namna gani, ndipo aamue kama atatuachia sanduku au ataondoka nalo. Bwana Mafabi akatuletea habari kwamba tujiandae kwa heshima. Nami nikajiandaa kwa heshima, tena heshima iliyopita kiasi.

Tulisafiri juu ya lori la mahindi, na kwenye kizuizi kimoja kabla ya Tororo askari akataka kujua kanda iliyo mfukoni mwangu ina hotuba ya nani. Nikawasha redio yangu ahakikishe. Kanda ikanguruma kwa uchungu wake ule ule, askari akaegemea bunduki, akasikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Mwalimu, hii muziki iko na kilio," akasema. "Nani alikufa?"

"Sisi sote, afande," nikamjibu, na akatufungulia njia bila kutukagua zaidi. Mnaona? Hata jeshi lilikuwa limethibitisha hoja yangu. Kutoka hapo hadi Mbale nilikuwa juu ya magunia nikiongeza aya.

Tulikutana katika bohari la pamba lililofungwa, upande wa viwandani, na siku hiyo umeme ulikuwepo. Bwana Mafabi alikuwa ameazima mashine kubwa yenye spika mbili. Hajati Zaituni alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani, uso umefungwa kabisa, na watu wote walizungumza huku wakimtazama yeye. Wengine wakaeleza albamu zao kwa kifupi na kwa furaha, mmoja akaimba kipande cha piano kwa mdomo mpaka jasho likamtoka, kisha zamu yangu ikafika. Nilizungumzia majeraha ya taifa. Nikamtaja Juma kwa jina. Nikasema jazi si burudani, jazi ni kaburi lenye sauti, nikaomba kila mtu asimame, ainamishe kichwa, na asitamke neno mpaka wimbo uishe. Wakasimama. Wazee wakavua kofia. Hajati naye akasimama, polepole, akishika kiti. Nikampa Bwana Mafabi ishara.

Kilichotoka kwenye zile spika kilikuwa densi.

Densi ya mbio, ya kuchekacheka, saksafoni inaruka kama mbuzi aliyekata kamba, ngoma zinaikimbiza, na katikati kuna mtu anapiga kelele za furaha ambazo kwangu Masese, kwa betri zilizochoka, nilikuwa nimezisikia kama mngurumo wa majuto. Na watu wote wamesimama, vichwa chini, kwa sababu niliwaomba. Mabega yakaanza kutikisika.

Ningenyamaza pale, mkasa ungekuwa mdogo. Lakini nilikuwa nimesoma. Nikamwambia Bwana Mafabi kwamba mashine yake inakwenda kasi mno.

"Mashine iko sawa, mwalimu," akasema. "Ni kilio chako iko na mbio."

Watu wakapasuka. Nami, badala ya kukaa, nikaenda mwenyewe, nikafungua kifuniko, nikaingiza kidole kuizuia kanda izunguke taratibu ili haki itendeke, ndiyo, nilitumia neno haki, na kwa nukta chache saksafoni ikalia kweli kama ng'ombe anayezama, nikageuka nikasema, "Mnasikia?" Ndipo mashine ikaimeza kanda. Nikavuta, ikatoka, nikavuta tena, nikajikuta nimesimama mbele ya wajumbe wa miji miwili na utepe umenizunguka mikono kama matumbo ya kuku.

Kicheko kikakatika, maana Hajati alikuwa bado amesimama.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulimjua mume wangu?"

Nikasema hapana, Hajati.

"Tangu wamchukue, kila mtu anakuja kwangu na sura ya matanga. Hata mmoja hajaniambia vile Juma alikuwa anachekesha watu na hiyo tarumbeta. Unataka kumzika mara ngapi?"

Akamgeukia Bwana Mafabi, akamwambia aikunje kanda vizuri aurudishe wimbo, na yule mwalimu akae mbali na mashine. Bwana Mafabi akaizungusha kwa penseli, uvumilivu mtupu, na wimbo ukaanza upya, umekwaruzika lakini unakimbia. Hajati akakaa. Mguu wake ukaanza kupiga sakafu, kisha akacheka, kidogo, akiziba mdomo kwa mtandio, na bohari zima likaanza kucheza, Bwana Isabirye akiwa wa kwanza na miwani mkononi.

Sanduku lilibaki Mbale. Sharti lilikuwa moja, alilitamka mbele ya wote: santuri zipigwe, watu wacheze, na mimi nisiguse mashine.

Nimeapa kwamba sitampangia mtu tena namna ya kumkumbuka marehemu wake, na kiapo hicho nimekishika. Sharti nalo wamelishika wao. Juzi nilifika Mbale, nikaona santuri ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, nikasogea kidogo tu nisome jalada, na ukumbi mzima, wanaume kwa wanawake, wakasema kwa pamoja, "Mwalimu, mikono."

Nikaitia mfukoni.