Fundi wa Igogo anayelala kazini ili wengine waamke

Saa nne asubuhi, Yakobo Luhaga amelala kazini na hakuna anayemgombeza.

Amelala chali kwenye kitanda chembamba, ndani ya chumba cha mbao na bati kilichofungwa mgongoni mwa lori dogo jeupe. Viatu amevivua, mikono ameiweka kifuani. Mlango na madirisha mawili vimefungwa. Nje, ubavuni mwa lori, jenereta dogo linanguruma taratibu ndani ya kasha la chuma. Ukutani, karibu na mto wake, kuna kidude cheupe chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, na taa yake ya kijani inapepesa.

Mwanga wa ziwa unaingia kwa kioo kidogo cha darini na kutembea ukutani, kama maji yanayotafuta pa kutulia. Mtu akiutazama kwa muda, anasahau kwamba yuko Igogo, mtaa wa mafundi kando ya ziwa, na kwamba hatua chache kutoka hapo watu wanachomelea mageti.

Nje, mke wake, Dorcas, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ungo wa mchele mapajani. Anatazama saa. Dakika kumi zimetimia. Anachukua mwiko na kugonga ubavu wa gari mara tatu.

"Baba Gladness, mama mkwe wako anaitwa nani?"

Kisha sauti inatoka ndani, tulivu lakini ya mtu aliye macho: "Mkwe hatajwi."

"Haya. Endelea."

Jirani yao, Masalu, anayetengeneza majiko ya mkaa, ananyanyua kichwa. "Shemeji, mimi nilikosea kuchagua kazi. Kumbe kuna fani ya kulala."

"Wewe ukilala hapo ndani, nani atakuamsha?" Dorcas anamjibu bila kuacha kuchambua mchele. "Mkweo unamtaja hata ukiwa mzima."

Yakobo, mwenye umri wa miaka 46, hufunga jenereta kwenye magari yenye vyumba vya kulala. Wateja wake ni wafanyabiashara wa minada, wapiga picha, watafiti wa samaki, na mara moja moja wageni wanaoelekea mbugani. Kwa mwezi hupata magari mawili au matatu, na kwa kila moja hutoza shilingi laki tatu na nusu, vifaa kando. Hakusomea ufundi huo popote. Na hakabidhi gari lolote kabla hajalilalia.

"Kulilalia" ni neno lake mwenyewe. Maana yake ni kulala ndani saa nzima, jenereta likiwaka, huku mtu anayemwamini akiwa nje.

"Mteja naye atalala humo," anasema. "Mimi nikiogopa kulala, kwa nini nimpe yeye?"

Lori la leo ni la Bernadetta Kashaija, mpima macho kutoka Kiseke. Anataka kuzunguka vijiji vya kandokando ya ziwa upande wa Magu, akipima watu macho na kuwapa miwani, na kulala humo humo ndani ya gari. Mashine yake ya kupimia inahitaji umeme, na huko aendako umeme unakuja na kuondoka. Mtaani wanamwita daktari, naye amechoka kuwasahihisha.

Alipanga kuondoka saa nne hii. Amefika na mabegi, na amemkuta fundi amelala.

"Atamaliza lini?" anamuuliza Dorcas.

"Upepo ukigeuka, daktari."

Bernadetta anadhani ni utani. Si utani. Asubuhi, upepo wa Igogo hutoka milimani kwenda ziwani. Mchana hugeuka, ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Moshi unaokwenda mbali na gari asubuhi unaweza kurudi chini ya kitanda alasiri. Kwa hiyo Yakobo hulilalia gari mara mbili, mara moja kwa kila upepo. Katikati hunywa uji na kusubiri.

Ni katika kusubiri huko ndipo anapomsimulia Bernadetta habari za Antoni Bagenda.

Mwaka 2014 Antoni alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, tena rafiki wa Yakobo. Alikuwa na pikapu yenye chumba mgongoni, akilala mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, akisubiri dagaa wakauke. Alinunua jenereta, na kwa sababu alikwisha kuibiwa moja, alitaka hili jipya lifungwe ndani, chini ya kitanda.

"Aliniambia chini ya kitanda, nami nikalifunga vizuri sana," Yakobo anasema. "Boliti nne. Hata leo ukilitikisa haliendi popote."

Bomba la moshi alilitoa nje kupitia sakafu. Aliamini hilo linatosha.

Wiki mbili baadaye mwezi uliandama, usiku ukawa wa giza. Watu wa ziwani wanajua kinachokuja na giza hilo: wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama wingu na kuifuata taa popote ilipo. Antoni aliwasha taa apange mifuko yake. Wadudu wakaja. Akafunga madirisha, akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa kanga, akajilaza huku jenereta likiendelea kuunguruma chini ya mgongo wake.

Asubuhi wanawake wanaoanika dagaa walimwita, hakuitika. Walivunja dirisha kwa jiwe. Alikaa hospitali siku kumi na tisa.

Antoni hakufa. Anaishi Kisesa kwa dada yake, anatembea, anacheka, anapalilia mihogo. Ila majina yalimtoka. Kijiko anakiita "ile ya kunywea uji". Dada yake, kwake ni "yule anayepika". Yakobo, anayemtembelea kila Jumapili, kwake ni "wewe wa boliti".

"Boliti anazikumbuka," Yakobo anasema.

Bernadetta, aliyekuwa amesimama tangu afike, anaketi kwenye begi lake. Naye alikuwa ameomba jenereta likae ndani. La kwanza aliibiwa Kiseke, akiwa amelala hatua tatu kutoka lilipokuwa. "Nilisema bora nilale nalo," anakiri. "Nilikununia ulipokataa."

"Wengi hununa. Siwalaumu. Mwizi unamwona, moshi huu huuoni."

Baada ya Antoni, Yakobo hakushika jenereta kwa karibu mwaka mzima. Kisha alipata kijitabu cha maelekezo kilichotupwa na mteja, akakaa nacho miezi minne, kamusi ikiwa pembeni. Humo alijifunza kwamba ndani ya moshi wa injini kuna hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu kabla hajajua kuwa anasinzia. Hiyo ndiyo iliyomchukua Antoni nusu.

Tangu hapo jenereta zake hukaa nje, ndani ya kasha la chuma linalofunguka upande wa nje tu. Upande unaogusana na chumba huwa umezibwa bila mwanya, na chini kuna matundu ya kupumulia. Bomba la moshi hupita ukingo wa gari, halimalizikii chini ya sakafu. Kwa ajili ya wezi kuna mnyororo na kufuli mbili. Petroli hukaa kwenye dumu lake huko nje, na haiongezwi mpaka injini ipoe.

Kila mteja humfundisha kanuni moja: jenereta ni la mchana, betri ni za usiku. Mchana jenereta linajaza betri. Kabla ya kulala, linazimwa.

Kama ni hivyo, kwa nini anajisumbua kulala huku likiwaka?

"Kwa sababu kanuni ni yangu, usingizi ni wao," anasema. "Mtu akichoka atajilaza kidogo mchana, asahau kulizima. Gari langu limsamehe mara hiyo moja."

Swali la mkwe lilianza mwaka 2019. Wakati huo Dorcas alikuwa akigonga na kuuliza tu, "Uko mzima?" naye akiitika "Mzima." Lakini Dorcas aligundua kwamba mtu huitikia "mzima" hata akiwa usingizini. Akatafuta swali ambalo mwanamume mwenye akili zake hawezi kulijibu. Kwao, kama kwa Wasukuma wengi, mkwe ana heshima yake. Hatajwi jina.

Siku moja, Yakobo akiwa ndani ya gari la mpiga picha, Dorcas aligonga akauliza. Na Yakobo akajibu. Alilitaja jina la mama mkwe wake, lote, kwa sauti laini kama mtu anayesoma.

"Nilihisi baridi," anasema Dorcas. "Nilizima mashine, nikavunja kitasa, nikamburuta miguu. Alikuwa anatabasamu."

Kiungo cha bomba kilikuwa kimelegea. Yakobo aliumwa kichwa siku mbili, kisha akapeleka kuku mweupe na doti ya kanga Kisesa kwa mama mkwe, kupitia kwa shemeji yake, kuomba radhi. Majibu yalirudi jioni ileile. Mama mkwe alisema kama jina lake limemtoa mtu kaburini, basi alitumie anavyotaka.

"Ruhusa alitoa," anasema Yakobo. "Sijaitumia." Hapa pia jina hilo halitaandikwa.

Baada ya hapo ndipo aliponunua kile kidude cha ukutani, kinachopiga kelele hewa ya sumu ikiingia. Kiliagizwa Dar es Salaam kwa shilingi elfu tisini, na sasa kila gari hutoka na cha kwake. Swali hakuliacha. Kidude kinaweza kuishiwa betri, anasema, Dorcas haishiwi.

Saa nane kasoro, majani ya mpapai nyuma ya karakana yanageuka. Nguo zilizoanikwa zinaanza kupepea upande wa pili. Yakobo anaweka kikombe chini, anavua viatu, anaingia. Jenereta linawashwa. Bernadetta anasogeza begi lake karibu na Dorcas.

Dakika kumi. "Mama mkwe wako anaitwa nani?"

"Mkwe hatajwi."

Dakika ishirini, hivyo hivyo. Upepo wa ziwa ni wa kubembeleza, una harufu ya maji na moshi wa samaki. Masalu amesinzia kwenye kiti chake. Hata Bernadetta, aliyekuwa na haraka, amefumba macho.

Dakika ya ishirini na sita, kidude kinalia.

Ni mlio mkali. Dorcas amekwisha kuzima jenereta kabla Bernadetta hajasimama. Mlango unafunguka kutoka ndani na Yakobo anatoka, miguu mitupu, anahesabu hatua ishirini kwenda penye upepo, anaketi chini. Dorcas anamfuata, anachuchumaa mbele yake, anamshika kidevu.

"Anaitwa nani?"

"Mkwe hatajwi, mama Gladness. Niko mzima."

Wanakaa hapo kwa muda, wakipumua.

Hewa inapotulia, Yakobo anarudi na tochi. Anapitisha kiganja kwenye kila kiungo, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Kasha lipo sawa, bomba lipo sawa. Chini ya kitanda, nyuma ya godoro, anakuta tundu la ukubwa wa kidole, limezibwa kwa kipande cha kitambaa. Juzi jioni halikuwapo.

Bernadetta anaweka mkono mdomoni. Jana aliliazima gari kwa saa chache, jenereta likiwa limezimwa, kwenda nyumbani kupakia vitu. Alitaka waya wa kuchajia simu ufike kitandani, akaazima keekee kwa jirani.

"Nilitoboa mimi," anasema. "Kitundu kidogo tu, fundi."

"Hata mimi ningetoboa," Yakobo anasema. "Simu ikae mbali na kitanda, nani atakubali?"

Anakata kipande cha bati, anakifunga juu ya tundu kwa skrubu, anapaka gundi ya kuzibia pande zote mbili. Waya wa simu anaupitisha juu, karibu na dari, mbali na kasha, kisha tundu lake nalo analiziba kwa mpira. Gundi inahitaji muda kukauka. Wanakula wali wa Dorcas. Saa kumi na robo, upepo ukiwa bado wa ziwani, analala tena. Safari hii saa nzima inapita. Mwiko unagonga mara sita na jibu linatoka mara sita, na taa ya kijani inapepesa bila haraka.

Bernadetta hataki tena kuondoka leo. Ataondoka kesho asubuhi, na kituo chake cha kwanza kitakuwa Kisesa, kwa sababu anataka kumpima macho yule mtu anayepalilia mihogo. "Majina siwezi kumrudishia," anasema. "Ila aone vizuri anayemtembelea."

Yakobo anaitikia kwa kichwa. Kisha anafungua turubai nyuma ya karakana. Chini yake kuna pikapu ya zamani isiyo na matairi, na mgongoni mwake ameanza kusimamisha fremu ya chumba. Ni yake mwenyewe, ameijenga kidogo kidogo kwa miaka miwili. Haina jenereta. Juu itakuwa na paneli ya jua na taa moja ndogo.

Anataka kumchukua Antoni, wafuate pwani ya ziwa mwalo kwa mwalo, kule alikokuwa akinunua dagaa. Anaamini majina hayakupotea. Yamebaki njiani, kila moja mahali pake, yanasubiri mwenyewe apite.

"Nani atalala ndani?" Dorcas anamuuliza, akikusanya vyombo.

"Antoni."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa nje na mwiko wako," Yakobo anasema. "Kila asubuhi nitagonga, nimuulize mimi naitwa nani. Nina muda wa kusubiri jibu."