Nukta ya Salim

Nilirudi Dubai kwa sababu ya Salim wa Mombasa. Enzi nilipokuwa mlinzi huko, kabla sijajisomesha hadi diploma ya uchoraji ramani, tulikaa chumba kimoja. Awali aliishi Marekani, na polisi wa huko walimbwaga barabarani wakamvunja bega. Shemeji zake husema aliiba. Juzi alinipigia simu: “Mji ule wa Marekani umeweka wazi rekodi za watu waliotumiwa nguvu na polisi. Njoo unitafute humo, mke wangu aone ukichora.” Nauli nilijilipia. Kitale nzima hakuna anayenifikia kwa ramani.

Nairobi, asubuhi, afisa wa uwanja wa ndege aliniuliza kazi yangu. Safari ya kwanza nilitaja jina la kafeel, mwajiri aliyenidhamini. Safari hii nilijibu, “Mchora ramani.”

Dubai, teksi ilipita Freezone, eneo la makampuni, penye mlango niliokuwa nikiwafungulia akina sir na madam. Nilimwomba dereva apunguze mwendo, niutazame vizuri.

Jumeirah Village Circle, nyumbani kwa Salim, mkewe Mwanaidi alinikaribisha kwa chai, mahamri na mbaazi.

“Mlinzi amekuja na tai.”

“Ni ya diploma, shemeji.”

“Haya, yalla, tuione hiyo diploma.”

Niliingiza rekodi kwenye kompyuta, kila mtu nukta yake, nikawapa weusi rangi nyekundu na weupe buluu. Nukta zikaanza kuibuka. Upande mmoja wa mji ukawa mwekundu hadi mitaa ikafunikwa. Nimechora mashamba, mito na mabomba ya maji, lakini kitu kama kile sijawahi kukiona. Chai ikapoa.

Salim akataja mtaa, karibu na duka alikokwenda kununua maziwa. Nikabonyeza nukta iliyokuwa hapo. Jina halikuwekwa, ila tarehe ilikuwa ile ile aliyovunjwa bega. Mwanaidi akasoma, akitutafsiria polepole: mwanamume mweusi, aliangushwa chini, aliumia bega, hakukamatwa.

“Hakukamatwa,” akarudia. Akamtazama mumewe kwa muda, kisha akachukua simu. “Kaka zangu watanisikia leo.”

Nikaikuza nukta ile ijae kwenye skrini, niwaonyeshe ufundi. Salim akanishika mkono.

“Khalas, ndugu yangu, irudishe ilivyokuwa. Niache na wenzangu.”

Sasa niko Kitale, na ramani ile nimeitundika ofisini. Wateja hudhani ni taa za mji usiku. Zamani nikimaliza ramani nilisimama mbali, niifurahie kazi yangu. Ile huisogelea, nikatazama nukta moja, kisha ya pembeni yake.