Fonti Mia Tisa na Ukurasa wa Dada

Kazi yangu ni kuchapisha vijitabu vya mazishi. Duka liko Ruring'u, na kutoka Gatitu hadi Kiganjo wengi wamezikwa na kazi ya mikono yangu. Nilikuwa na kiburi, wacha niseme tu. Kiburi cha fonti! Kila mtindo wa herufi niliouona mtandaoni niliupakua: za maua, za kanisa, za mwandiko wa mkono. Zikafika mia tisa. Nikiwasha kompyuta naenda kunywa chai, nikirudi bado inazunguka. Mke wangu akaniambia, "Si upunguze? Wewe hutumia kumi." Nikamwambia aachane na kazi yangu.

Siku mama alipokuwa anakata roho huko Gatitu, kwa dada yangu aliyemuuguza miaka minne, mimi nilikuwa dukani na msichana anayetaka kadi za harusi. Alikuwa akichagua herufi. Hii hapana, hii ni nene, hebu rudisha ile ya kwanza. Dada akapiga simu: "Mama anakuulizia. Kuja." Nikasema niko njiani. Hata kwenye kiti sikuwa nimeinuka. Akapiga tena, nikasema niko njiani. Alipopiga mara ya tatu, yule msichana hakuwa amefika hata nusu ya orodha, nami nikasema yaleyale. Nilipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Na Gatitu si mbali, jamani.

Kijitabu cha mama nilikitengeneza mimi, nani mwingine? Dada, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alipewa ukurasa wa mwisho. Alikuja dukani akaandika maneno yake mwenyewe, akachagua fonti moja nyembamba iliyofanana na mwandiko wa mama. Akaniambia, "Usisome mpaka siku yenyewe." Nikamwahidi.

Asubuhi ya kuchapisha, kompyuta ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, ikaganda tena. Hasira zikanipanda. Nikaanza kufuta fonti ovyo, mamia kwa mamia, huku nikizitukana. Mashine ikawa nyepesi ajabu! Nilipofungua kijitabu, ilani ikatokea kwenye kioo, nami nikabonyeza sawa bila kuisoma. Kumbe ilikuwa ikiniambia kwamba fonti ya dada haipo tena, na itawekwa nyingine. Hiyo nyingine ilikuwa pana. Maneno yakajaa kwenye kile kisanduku yanamoandikwa ukurasani, yaliyobaki yakaangukia nje, na ya nje hayachapishwi. Ukurasa ule sikuutazama. Si nilikuwa nimeahidi?

Kaburini, shangazi ndiye aliyesoma ukurasa wa dada. Alisoma vizuri, watu wakilia, mpaka akafika hapa: "Siku ya mwisho aliniuliza." Akageuza karatasi, akakuta picha ya mama tu kwenye jalada la nyuma. Watu wote nao wakageuza zao. Dada hakugeuza kitu. Alikuwa akinitazama mimi.

Kesho yake nilifungua ile faili, nikavuta kisanduku kikawa kirefu. Maneno yalikuwepo yote: "...mara tatu kama kaka amefika. Mara zote nilimwambia yuko njiani. Mama, nisamehe kwa kukudanganya."

Nilikaa pale nikiona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Niliwaeleza nyumbani maneno yaliyokatika na habari ya fonti, neno kwa neno. Shangazi akacheka kicheko kibaya. "Ati fonti? Kompyuta haina haya ya kuficha kitu. Mwenye haya ni mtu." Na ungekuwa wewe, ungeniamini? Maneno yaliyopotea, kati ya kurasa zote zile, ni yaleyale ya kuniaibisha. Mimi mwenyewe nisingeamini.

Nikairudisha fonti ya dada, hiyo moja tu. Nikachapisha ukurasa mzima kwa karatasi nzuri, nikampelekea Gatitu. Nilimkuta uani akianika blanketi za mama. Akajifuta mikono, akasoma polepole mpaka mwisho, akaukunja mara mbili, akanirudishia.

"Ni mzuri," akasema. "Na wale watu wote waliokuja, utawaita tena?"