Amina Chini ya Mtakatifu wa Jiwe

Nilimweleza rafiki yangu mmoja tu kwamba mume wangu amenihama. Jumapili iliyofuata, kwenye ushirika wetu wa Wakenya kule Kings Heath, Birmingham, akaomba kwa sauti: "Baba, mkumbuke dada yetu hapa, ambaye bwanake anaishi na mwanamke wa Stechford." Watu wakaitikia amina, kisha wakageuka kunitazama.

Kiangazi hicho kanisa lilitupeleka kwa basi na feri hadi mji mdogo wa kale, ng'ambo ya bahari. Darajani palikuwa na sanamu ya padri mtakatifu, joho lake la jiwe limepeperuka, kidole mdomoni. Mwenyeji wetu alieleza kwamba padri huyo alitoswa mtoni kwa kukataa kutoa siri ya maungamo ya malkia.

Mchungaji alipouliza nani atatuombea kabla ya kurudi Birmingham, nilijitolea. Nikamshika rafiki yangu mkono.

"Baba, asante kwa mtu aliyekubali kufa maji kuliko kutoa siri. Mkumbuke dada yetu hapa, ambaye hawezi kufunga mdomo hata Jumapili moja."

Wote wakaitikia amina. Sikumwachilia mkono mpaka naye alipoitikia.