Chai Ambayo Mama Hakuimwaga

Mkono wangu wa kulia unawaka, na baba mdogo anacheka. Hicho ndicho ninachokikumbuka kwanza. Maumivu yalifuata mama alipokuja mbio na dawa ya meno, akanipaka kiganja kizima, maana kwetu kuungua dawa yake ilikuwa hiyo. Bomba la maji baridi lilikuwa hatua tatu tu.

Nilikuwa binti wa miaka tisa, na usidhani Tottenham yetu, mtaa wa ugenini kwa Waingereza, ilikuwa chungu. Novemba, mwezi wao wa fataki, giza linaingia saa kumi na moja jioni, flati za kaunsili, nyumba za kupanga za halmashauri, zinanukia maandazi, sisi watoto tukishateremsha takataka tunabaki uani kutazama fataki za majirani. Juu dirishani mama anasukuma chapati huku anaimba.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa na miaka thelathini na akili ya kuku. Aliwasha fataki yake ya roketi, ikagoma. Kuisogelea mwenyewe akaogopa. Mimi nilikuwa na miezi mitano tu tangu nitoke Morogoro, na kila mtu alinisifu kwa kuwasha jiko la mkaa.

"Kaipulize, bingwa wa mkaa," akaniambia.

Nikainama, nikaishika, nikapuliza.

Hospitali, nesi akauliza imekuwaje. Mama Kiingereza hana. Baba mdogo, ambaye makaratasi yake ya kuishi nchini hayakuwa sawa, akajibu kwamba mama kanimwagia chai. Kisha akamgeukia: "Itikia tu, shemeji. Nimesema ni bahati mbaya." Mama akaitikia kwa kichwa, mara mbili. Kiingereza cha chai na cha mama nilishakijua, lakini yule bwana alikuwa kanishika bega, nikanyamaza.

Vidole viwili vilikwenda, shule nayo ikanishinda, maana kalamu haikushikika. Haya nayaandika kwa kushoto. Watu wa ustawi wa jamii walikuja wakafungua makabati yetu, wakakagua hadi birika. Mama alipokuja kuelewa aliitikia nini, alikaa kimya, shemeji yake asije akarudishwa kwao. Kanisani akawa yule mwanamke aliyemuunguza mwanawe. Chapati aliendelea kupika. Kuimba basi.

Leo baba mdogo ni mzee wa kanisa, ana pasi ya kusafiria ya Kiingereza na tai za kila rangi. Wiki iliyopita, uani kwa kanisa, alimshikisha mjukuu wake wa miaka minne fataki ya kijiti cha cheche, bila glavu, apigwe picha. Mtoto kaungua kiganja. Watu walipouliza, mzee wetu akasema mama yake hakuwa makini.

Zile flati zimebomolewa, na majirani wale sijui wako wapi. Mama yupo, ana miaka themanini. Jumapili nitamkalisha kiti cha mbele kanisani. Baba mdogo, kipaza sauti unakipenda: kishike, useme mbele yake ni nani aliyenituma nikapulize.