Sentimita Nne za Mama Lombe

Saa moja asubuhi mteja wa kwanza anafika Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, na fundi wa fimbo za kutembelea, Rigobert Kalaba, anamrudisha nyumbani.

"Madame, hii viatu njo utatembea nayo?" anauliza, macho yakiwa kwenye miguu ya mwalimu Constance, ambaye goti linamsumbua.

"Hapana, papa. Hii ni ya kutokea tu."

"Basi rudia. Leta yenye unavaa kila siku."

Constance anacheka, anadhani ni mzaha. Wapi! Fundi ameshaketi kwenye kigoda chake, na fimbo haitapimwa mpaka viatu vije. Mwalimu anasonya, anaondoka, na baada ya nusu saa amerudi na viatu bapa vyenye vumbi.

Sasa anasimamishwa ukutani, mikono ikining'inia. "Angalia mbele, madame. Ukiangalia chini, bega inashuka." Rigobert anageuza fimbo kichwa chini, mpini ukae sakafuni kando ya kiatu, kisha anatia alama ya mkaa pale penye mfupa wa kifundo cha mkono. Hapo ndipo atakapokata, akitoa kidogo kwa ajili ya kipande cha tairi kuukuu kitakachovalishwa ncha.

"Ukishika, kiwiko ipinde kiloko, kidogo tu," anaeleza. "Ikinyooka kabisa, fimbo ni mufupi, utainama kama mutu mwenye kutafuta sindano. Bega ikipanda, ni mulefu. Na mulefu iko mubaya zaidi."

Akishasema hivyo anageuka ghafla na kuinamia msumeno wake. Constance hajui kwa nini. Majirani wanajua.

Rigobert ana miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati yake ameimaliza kwenye fimbo. Mti wake ni mubanga, mgumu kuliko kichwa cha mbuzi, unaoletwa kutoka upande wa Lukafu. Wiki njema anauza fimbo sita. Vijana wa parokia wanaopanda milima anawapimia ndefu, mpaka kwapani, maana kuteremka kunakula urefu. Wazee anawapimia kifundoni. Hakosei, wanasema wateja.

Alikosea mara moja, kwa mtu ambaye hakuruhusiwa kumgusa.

Katika ukoo wake na ule wa mkewe Victorine, mwanamume hamsogelei mama mkwe. Wakikutana njiani, yeye hupisha majanini. Hawali pamoja, hawapeani mkono, mpaka siku familia ya mke itakapopika, imkalishe mkwe, imlishe na kumwambia: leo woga umekwisha, ingia. Mkwe naye haendi mikono mitupu. Rigobert na Victorine wana miaka ishirini na miwili ya ndoa, na kila kiangazi yeye alisema "mwaka kesho". Haraka ya nini?

Miaka minne iliyopita magoti ya Mama Lombe, mamaye Victorine, yalianza kugoma. Rigobert alichagua mubanga mzuri kuliko wote aliokuwa nao. Kumpima hakuweza. Alimpa mkewe kamba akampime mama yake, akamwambia, "Avae viatu." Hakusema viatu gani.

"Mi mwenye kurudisha bantu nyumbani juu ya viatu," anasema, akigonga kifua kwa kidole. "Ile siku nilinyamaza. Nilifikiri anajua."

Mama Lombe anasimulia upande wake akiwa ameketi kitandani, kitenge kimefunika miguu. "Banasema mukwe ananipima. Sasa, mi nisimame mbele ya kamba ya mukwe na babouche? Aibu yote hiyo! Nikatoa viatu ya misa."

Viatu vya misa vina kisigino cha sentimita nne. Anavivaa Noeli na Pasaka. Siku nyingine zote Mama Lombe ni mtu wa babouche, ndala za plastiki zilizolika mpaka zimekuwa nyembamba kama chapati.

Fimbo ilipokelewa kwa vigelegele. Wiki ileile Rigobert alimwona mama mkwe akija barabarani, akapisha kwenye mahindi kama ilivyo desturi, akainua macho mara moja tu. Bega la kulia lilikuwa likipanda kwa kila hatua.

"Nilijua pale pale. Roho iliniuma."

Victorine alitaka kuikata. Mama Lombe akakataa katakata. "Kitu yenye mukwe alikupa, hapana kukata. Ukikata, ni kama unasema hakujua kazi yake." Kuomba zawadi irudi, Rigobert aliona ni kumtukana mama wa watu. Akajiambia: siku nitakapoingizwa, nitaikata mwenyewe mbele yake. Lakini siku yenyewe ni yeye aliyekuwa akiisogeza. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Februari mwaka huu, mvua ikinyesha, Mama Lombe alikuwa akivuka kidaraja cha mbao mbele ya nyumba yake. Fimbo ndefu ilikanyaga mbali, ikateleza, naye akaifuata. Nyonga ikavunjika.

Hospitalini Rigobert alisimama uani, chini ya dirisha, siku tisa. Salamu zake zilipita kwa Victorine. Sauti ya mama mkwe akilia kwa maumivu ilimfikia bila mjumbe.

"Bantu banasema ni mvua," anasema, macho yamejaa machozi. "Mvua iko kila mwaka. Ni mi. Kukata hivi tu, dakika mbili! Miaka ine nilishindwa dakika mbili."

Sasa Mama Lombe anaweza kusimama akishikwa na wajukuu wawili. Daktari amesema ajaribu fimbo. Mpya hataki kuisikia. Anaitaka ileile iliyo nyuma ya mlango. "Nataka kufika ku misa peke yangu," anasema. Na ni yeye aliyetuma neno kwa ndugu zake: "Muniingizie mukwe, kabla nikufe."

Basi ni Jumapili hii. Kuku wameshapatikana. Rigobert amenunua kitenge cha zawadi, na ndani ya kitenge amefunga msumeno mdogo, kipande cha mkaa na mpira wa ncha. Atakula, atasikiliza mawaidha, kisha ataomba ruhusa ya kushika kifundo cha mkono cha mama mkwe kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Ametuma ujumbe mmoja tu kwa Victorine: "Umwambie avae babouche."

Mama Lombe alipoupata alifunika uso kwa kitenge. "Mukwe aone miguu yangu hivi?" alisema. Kisha akamwita mjukuu wake Syntiche, akamwambia azioshe zile ndala kwa sabuni, azianike.