Mgagani Bila Maziwa ya Jirani

Iko jioni moja, mwanangu Bhoke, ambayo hainitoki kichwani, na leo uliponipigia simu kuuliza utie nini kwenye maandazi ukikosa maziwa, imenirudia yote. Nitakujibu, usiwe na haraka. Ninyi wa mjini Tarime mnataka jibu hata salamu haijaisha.

Nilikuwa nimeolewa mwaka uleule, wewe hata hujazaliwa. Kwetu hapakuwa na ng'ombe. Na mboga yetu ya majani, mgagani, unaujua ulivyo mchungu. Baba yako hakuula bila maziwa. Basi kila jioni nilichukua jagi nikaenda kwa mama Wankuru, jirani yetu, mjane aliyeishi peke yake na ng'ombe wake mmoja. Maziwa alinipa bure. Shida ilikuwa maneno. Mama yule akikukalisha kwenye kigoda, utasikia habari za marehemu mumewe, za jino linalomsumbua, za kuku aliyelala nje, mpaka giza linaingia. Narudi mbio, nakuta baba yako kanuna na moto umezimika.

Nikajitafutia njia. Nikatwanga karanga, nikazikoroga kwa maji ya uvuguvugu, nikachuja, nikapikia mgagani. Weee! Baba yako karibu alambe sahani. Ya chai nikanunua maziwa ya unga kutoka Sirari. Nikajiona fundi kweli, na kwa mama Wankuru sikukanyaga tena.

Jioni hiyo ninayokwambia, akaja mwenyewe. Mkono mmoja fimbo, mwingine kibuyu cha maziwa. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikampakulia ugali na mgagani wangu. Akala taratibu.

"Mtamu," akasema. "Umeweka karanga?"

"Ndiyo, mama. Sikutaka kukusumbua kila siku."

"Kunisumbua!" Akacheka kidogo. "Maziwa umepata cha kuweka badala yake, binti yangu. Mimi jioni nimweke nani badala yako? Niongee na ng'ombe?"

Nikataka kucheka, nikaona machozi yanamtoka. Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kesho yake nilirudi kwake, na nikaendelea kwenda mpaka Mungu alipomchukua. Baba yako alinuna wee, mwisho akazoea.

Sasa baba yako hayupo, ninyi mmetawanyika, na ng'ombe ninaye mimi. Wake za vijana wa hapa wananunua maziwa ya pakiti dukani. Wanapita mlangoni, "Shikamoo bibi," huku miguu inakwenda. Nakamua, nakunywa kikombe kimoja, mengine yanaganda, yakizidi nampa mbwa. Kanenepa huyo, hata kubweka anaona uvivu! Nacheka, lakini nisikufiche: upweke unaniuma, hasa saa ile ya kuwasha moto wa kupika chakula cha mtu mmoja.

Haya, jibu lako. Maandazi hayalazimishi maziwa. Maji ya uvuguvugu na kijiko cha mafuta yanatosha. Ukitaka utamu zaidi, weka tui la karanga. Ukiwa na maziwa ya mgando, tia na magadi soda kidogo tu, yataumuka vizuri. Ila mgando usiupikie mboga, utakatikakatika uharibu sufuria nzima.

Na nasaha yangu ni hii. Kabla hujatafuta cha kuweka badala ya maziwa, angalia kwanza kama karibu yako yuko mtu mwenye maziwa lakini hana wa kuongea naye. Mpigie hodi. Kaa, sikiliza habari za kuku mpaka ziishe. Chakula kikichelewa, watakula kikiwa kimechelewa, hakuna atakayekufa.

Mungu akujalie mwanangu, unga usikuishie, na mlango wako usikose watu hata uzeeni. Nawe ukipata nafasi, hata Jumamosi hii, panda bodaboda uje. Usihangaike kupiga simu kwanza. Mimi nipo tu.